Jina la chuo au ufadhili: hesabu ya miaka minne

*“Salamu kwako mtaalamu. Binti yetu mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu hapa Marekani, ambako tunaishi kama wakazi wa kudumu. Amepokelewa na vyuo viwili. Cha kwanza ni chuo kikuu binafsi chenye jina kubwa. Kila tunayemtajia anashangilia. Gharama yake ni dola 89,000 kwa mwaka, nao wametuandikia kwamba msaada ni dola 56,000: ruzuku ya 47,000, mkopo wa mwanafunzi wa 5,500 na kazi ya chuoni ya 3,500. Dola 33,000 zilizobaki zimeandikwa kuwa sehemu ya familia, na wanasema tunaweza kuchukua mkopo wa wazazi. Cha pili ni chuo kikuu cha jimbo letu, chenye gharama ya dola 31,000 kwa mwaka. Hicho kimempa ufadhili wa ada yote, dola 15,000, pamoja na nafasi katika programu yao ya wanafunzi bora. Mimi na baba yake tunapata jumla ya dola 92,000 kwa mwaka, tuna watoto wengine wawili wanaomfuata, na tuna nyumba ndogo ya kupangisha kwetu Afrika Mashariki. Sisi wenyewe hatukusoma chuo kikuu. Binti anataka kuwa daktari, ingawa mwaka jana alisema uhandisi. Ndugu na waumini wenzetu wanatuambia tusiikatae baraka, kwamba jina la chuo litalipa deni lenyewe. Je, ni kweli? Tunatakiwa kujibu kabla ya Mei 1.”*

Mama, pokea kwanza hongera, wewe na baba yake, na zaidi binti mwenyewe, kwa sababu kazi ya kufika hapo ni yake. Katika barua yako naona hofu mbili zinazovutana: kwamba mkikikataa chuo chenye jina mtakuwa mmemnyima mtoto nafasi ambayo ninyi hamkuipata, na kwamba mkikikubali mtawatwisha wadogo zake, na uzee wenu, mzigo ambao bado hamjaupima. Hofu zote mbili zina msingi. Nitautaja msimamo wangu mapema ili usome mengine ukijua ninakoelekea: kwa hesabu ulizoniandikia, mimi ningechagua chuo cha jimbo, isipokuwa chuo binafsi kiongeze ruzuku kwa kiasi nitakachokitaja baadaye. Sisemi hivyo kwa kulidharau jina. Jina lina thamani, na kwa familia kama yenu huenda lina thamani kubwa kuliko inavyokiriwa na wengi wanaotoa ushauri wa aina hii. Kinachonizuia ni bei mliyotajiwa, na umri na kipato cha watu watakaoilipa.

Tuanze na barua ya chuo binafsi, maana ndiyo inayopotosha. Inasema msaada ni dola 56,000, lakini msaada wenyewe ni dola 47,000 tu. Mkopo wa dola 5,500 atakuja kuulipa binti yako pamoja na riba. Dola 3,500 za kazi ya chuoni ni mshahara ambao bado hajaufanyia kazi: amepewa nafasi ya kutafuta kazi maktabani au ofisini, atalipwa kidogo kidogo kwa saa alizofanya, na kwa kawaida fedha hizo huishia kwenye sabuni, nauli na vitabu, wala hazipunguzi bili inayotakiwa kulipwa kabla muhula haujaanza. Si chuo hicho pekee kinachoandika hivyo. Mwaka 2022 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, ijulikanayo kama GAO, ilichunguza barua za msaada wa fedha na kukadiria kwamba asilimia 91 ya vyuo ama havionyeshi gharama halisi itakayobaki kwa familia, ama vinaionyesha kuwa ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo msijilaumu kwa kuisoma barua kama ilivyoandikwa.

Gharama halisi hupatikana kwa kuchukua gharama yote ya mwaka, yaani ada, malazi, chakula, vitabu, bima na usafiri, kisha kuondoa fedha zisizorudishwa tu, ambazo ni ruzuku na ufadhili. Ukifanya hivyo, chuo binafsi kitawagharimu dola 42,000 kwa mwaka wa kwanza na chuo cha jimbo dola 16,000. Tofauti ni dola 26,000, na hapo wazazi wengi huzidisha kwa nne na kupata dola 104,000. Hesabu hiyo nayo ni pungufu. Bei za vyuo hupanda karibu kila mwaka, ilhali ruzuku mara nyingi huandikwa kama kiasi kisichobadilika. Tuchukue kwa mfano ongezeko la asilimia 4 kwa mwaka: chuo cha dola 89,000 kitafika dola 100,000 mwaka wa nne, na ikiwa ruzuku itabaki 47,000 ileile, jumla ya miaka minne itakuwa karibu dola 190,000 badala ya 168,000. Kwa chuo cha jimbo, ikiwa ufadhili unalipia ada yote hata ada ikipanda, jumla itakuwa karibu dola 68,000. Pengo kati ya vyuo hivi viwili, kwa makadirio hayo, ni dola 122,000.

Sasa tuone fedha hizo zitatoka wapi. Mikopo ya serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi ina kikomo: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka wa tatu na wa nne, jumla dola 27,000. Akifanya kazi ya chuoni miaka yote minne atapata dola 14,000. Ukiondoa hizo kwenye 190,000, familia inabakiwa na dola 149,000. Ule mkopo wa wazazi uliotajwa katika barua, unaoitwa PLUS, zamani uliruhusu mzazi kukopa hadi gharama yote iliyobaki. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini Julai 2025 imebadilisha jambo hilo. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, kikomo ni dola 20,000 kwa mwaka na dola 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Binti yenu anaanza masomo baada ya tarehe hiyo, kwa hiyo ninyi mko ndani ya sheria mpya. Maana yake ni kwamba hata mkikopa hadi senti ya mwisho, bado mtatakiwa kutafuta dola 84,000 mahali pengine, ambazo ni dola 21,000 kila mwaka kutoka katika kipato cha 92,000 ambacho hakijakatwa kodi, huku watoto wengine wawili wakila, wakivaa na kukua.

Mahali pengine hapo, kwa familia nyingi, huwa ni mikopo ya benki binafsi. Nisingependa mfike huko. Mikopo hiyo karibu daima humtaka mdhamini, ambaye ni wewe au mume wako. Riba yake hutegemea rekodi yenu ya mikopo. Na nafuu anayopewa mkopaji anapougua au kupoteza kazi ni ndogo kuliko ile ya mikopo ya serikali. Mikopo ya masomo ya aina zote ni migumu sana kufutwa hata mtu akitangaza kufilisika mahakamani. Mkopo wa PLUS nao si mwepesi. Riba yake kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 ni asilimia 8.94, zaidi ya hapo hukatwa ada ya asilimia 4 na kidogo kabla fedha hazijafika chuoni, na riba huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa. Dola 65,000 kwa riba ya asilimia 9, zikilipwa kwa miaka 20, ni takriban dola 585 kila mwezi, na jumla yake inafika dola 140,000. Mikopo mipya ya wazazi pia haingii katika mipango ya kulipa kulingana na kipato. Na hakuna kipengele kinachouhamishia mkopo huo kwa binti atakapoanza kazi: ahadi yake ya kuwasaidia kulipa ni ya upendo, lakini kisheria deni ni lenu.

Hapo ndipo lile neno la waumini wenzenu linapotakiwa kupimwa. Je, jina litalipa deni lenyewe? Swali hili limechunguzwa na wachumi kwa muda mrefu, na majibu yao yanafaa kusomwa kwa utulivu kwa sababu kila upande huchukua nusu inayoufurahisha. Ugumu wake ni huu: ukilinganisha mishahara ya waliosoma vyuo vyenye jina na ya waliosoma vyuo vya kawaida, wa kwanza wanapata zaidi, lakini wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Vyuo hivyo huwachagua vijana ambao tayari wana bidii, alama za juu, na mara nyingi wazazi wenye uwezo. Ni nani anajua wangepata kiasi gani kama wangesoma kwingine?

Mwaka 2002 Stacy Dale na Alan Krueger walitafuta njia ya kulijibu hilo. Waliwachukua watu walioanza chuo mwaka 1976 na kuwalinganisha wale waliokuwa wameomba na kukubaliwa na vyuo vya hadhi zinazofanana, kisha wengine wakaenda kwenye chuo chenye ushindani mkubwa na wengine wakaamua kwenda kwenye kisicho na jina hilo. Baada ya miaka mingi, vipato vyao kwa wastani havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kijana aliyetosha kuchaguliwa alibeba uwezo wake kokote alikokwenda. Utafiti wao wa baadaye, uliotumia rekodi za mapato na kujumuisha pia walioanza chuo mwaka 1989, ulifikia matokeo ya namna hiyohiyo. Kama barua yako ingeandikwa na familia ya madaktari na mawakili, ningeishia hapa.

Lakini watafiti haohao walikuta makundi yasiyofuata kanuni hiyo, na nitakuwa sikutendei haki nikiyanyamazia: wanafunzi Weusi, wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wale ambao wazazi wao hawakupata elimu ndefu. Kwa hao, kusoma katika chuo chenye ushindani zaidi kulionekana kuongeza kipato. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mtoto wa daktari ana watu wa kumwonyesha njia hata akisoma chuo cha mtaani kwao, ilhali mtoto ambaye ni wa kwanza kwao kuvuka mlango wa chuo kikuu hukutana na watu hao kwa mara ya kwanza chuoni. Binti yenu yumo katika kundi hilo. Vilevile, mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vyuo 12 tu, vile vinane vya kundi la vyuo binafsi vyenye hadhi kubwa liitwalo Ivy League pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago, wakivilinganisha na vyuo vikuu bora vya majimbo. Kwa mapato ya wastani, tofauti haikuwa ya kuzingatia. Tofauti ilikuwa juu kabisa: nafasi ya kufika katika asilimia 1 ya wenye vipato vya juu zaidi iliongezeka kwa takriban nusu, nafasi ya kuingia katika shule za uzamili zenye hadhi ilikaribia kuwa mara mbili, na ya kuajiriwa na makampuni yenye sifa ikawa mara tatu.

Nayasoma matokeo hayo hivi. Jina kubwa hufungua milango michache ya juu, na humwonyesha njia mtoto asiye na wa kumwonyesha. Kwa kazi nyingine nyingi halibadilishi sana kipato. Uuguzi, uhandisi, uhasibu, ualimu na programu za kompyuta hulipa kwa kuangalia kile mtu anachokiweza, na waajiri wengi katika jimbo lenu huenda wanakijua chuo cha jimbo kuliko kile binafsi. Tena, tafiti hizo ziliangalia kipato cha mhitimu. Hazikupima kipato chake pamoja na deni la dola 65,000 lililoandikwa kwa jina la mama yake, wala hazikuuliza wadogo zake walisoma wapi. Ndiyo maana nakubali kwamba jina lina faida kwa binti yako na bado nasema halistahili dola 122,000.

Udaktari unaongeza uzito upande huohuo. Shule za udaktari za Marekani humpima mwombaji kwa GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, hasa ya masomo ya sayansi, kwa mtihani wa kuomba shule za udaktari uitwao MCAT, kwa muda aliotumia hospitalini na kwenye utafiti, na kwa barua za walimu wanaomfahamu. Jina la chuo alichosomea digrii ya kwanza husaidia kidogo pembeni. Halimwokoi mwenye GPA ya chini. Shule za udaktari za umma nazo huwapa kipaumbele wakazi wa jimbo. Zaidi ya yote, udaktari wenyewe ndio wenye gharama kubwa: deni la kati la wahitimu wa udaktari waliokopa ni takriban dola 200,000, na sheria ile ya 2025 imefuta mkopo wa PLUS wa wanafunzi wa uzamili kwa wakopaji wapya, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa masomo ya taaluma kama hiyo. Shule nyingi za udaktari zina gharama inayozidi kikomo hicho. Familia iliyokwisha kutumia uwezo wake wote wa kukopa katika digrii ya kwanza itafika pale penye uhitaji mkubwa ikiwa mikono mitupu. Na akibadili nia akarudi kwenye uhandisi, kama vijana wengi wanavyobadili, chuo cha jimbo chenye kitivo kizuri cha uhandisi hakitamwangusha.

Nisikufanye udhani kwamba ofa ya chuo cha jimbo haina mitego. Wapo watu watakaokwambia kuwa chuo kinachotoa ufadhili mkubwa kinafanya hivyo kwa kuwa hakina ubora. Hilo si kweli: vyuo hutoa ufadhili wa alama, yaani unaotolewa kwa matokeo mazuri bila kujali uhitaji, ili kuwavuta wanafunzi ambao wangekwenda kwingine, na binti yenu ni mmoja wao. Vyuo vya Ivy League, kwa upande wao, havitoi kabisa ufadhili wa alama wala wa michezo. Msaada wao unategemea uhitaji tu. Kinachopaswa kuwahangaisha ninyi ni masharti ya ufadhili huo. Je, unahitaji GPA ya 3.0 au ya 3.5 ili uendelee? Mwaka wa kwanza wa kemia, biolojia na hesabu za kalkulasi hushusha alama za vijana waliozoea kuongoza darasa, na wanaotaka udaktari huchukua masomo hayo yote kwa pamoja. Akishuka muhula mmoja, je, anapewa muda wa kujirekebisha, au ufadhili unakatika papo hapo? Ulizeni ofisini ni wangapi kati ya waliopewa ufadhili huo huwa bado wanao wanapofika mwaka wa tatu. Chuo kinachojiamini hujibu swali hilo bila kuzungukazunguka. Hakikisheni pia kama ufadhili umeandikwa kuwa ni “ada yote” au ni “dola 15,000”, maana kama ni kiasi maalumu, kila ada itakapopanda tofauti itakuwa yenu.

Jambo la pili la kuchunguza ni muda wa kuhitimu, na kwangu hili linazidi hadhi. Ufadhili wa namna hii kwa kawaida hulipia mihula minane. Katika vyuo vikuu vikubwa vya umma wapo wanafunzi wengi wanaomaliza kwa miaka mitano au sita, kwa sababu masomo ya lazima yalijaa, au walibadili fani wakiwa wamechelewa, au walifanya kazi saa nyingi mno. Mwaka mmoja wa ziada bila ufadhili unaweza kula zaidi ya dola 35,000 za akiba mliyoipigania, bila kuhesabu mshahara ambao angekuwa ameanza kuupata. Wizara ya Elimu ya Marekani ina tovuti inayoitwa College Scorecard, ambapo mtaona kwa kila chuo kiwango cha wanaohitimu, deni la kawaida na vipato vya wahitimu kwa kila fani. Itazameni pamoja na binti. Kisha ulizeni kuhusu ile programu ya wanafunzi bora: je, wanajiandikisha masomo mapema kuliko wengine, wana mshauri wao wa udaktari, na wanapewa nafasi katika maabara tangu mwaka wa kwanza? Ikiwa majibu ni ndiyo, basi sehemu kubwa ya kile ambacho watafiti walikiona kikiwasaidia watoto wa familia zisizo na wasomi, yaani kuwa karibu na watu wanaoijua njia, anaipata hapo pia. Itabidi tu aitafute kwa bidii zaidi, kwa sababu katika chuo chenye wanafunzi maelfu hakuna atakayemfuata chumbani kumuuliza anaendeleaje.

Kabla hamjakiandikia chuo binafsi kuwakatalia, jaribuni jambo moja, na mlifanye wiki hii. Vyuo vingi vyenye jina husema vinagharimia uhitaji wote, lakini ni vyenyewe vinavyoamua uhitaji huo ni kiasi gani. Mbali na fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, FAFSA, vingi hutumia fomu nyingine inayoitwa CSS Profile, ambayo huchimba zaidi mali za familia, zikiwemo zilizo nje ya Marekani. Kwa kipato cha dola 92,000, sehemu ya familia ya 33,000 inanifanya nitilie shaka ile nyumba ya kupangisha. Rudini kwenye nakala ya fomu mlizojaza. Je, thamani ya nyumba na kodi wanayolipa wapangaji viligeuzwa kuwa dola, au tarakimu za shilingi ziliandikwa mahali pa dola? Kosa hilo hutokea kwa familia zenye mali kwao kuliko mnavyodhani, na linaweza kuifanya nyumba ya vyumba vitatu ionekane kama jumba la kifahari. Je, mliandika thamani baada ya kuondoa mkopo wa ujenzi unaodaiwa? Je, kodi mliyoitaja ni ile inayobaki baada ya matengenezo na malipo ya msimamizi? Msiifiche nyumba, wala msikubali ushauri wa mtu anayewaambia muiandike kwa jina la mjomba. Fomu hizo ni tamko la kisheria, na anayegundulika hupoteza msaada wote na zaidi. Kuieleza kwa usahihi ni haki yenu.

Kisha ombeni mapitio rasmi. Sheria inampa mkuu wa ofisi ya msaada wa fedha mamlaka ya kurekebisha hesabu kwa familia yenye hali ya pekee, kama matibabu ya gharama, kupungua kwa kazi, au kipato cha mwaka uliotumika ambacho hakifanani na cha sasa. Kama mnawatumia wazazi wenu fedha za matumizi kila mwezi, liandikeni hilo na mwambatanishe risiti za kutuma. Si kila chuo kitalizingatia, ila hakuna kitakachozingatia kile ambacho hakijaambiwa. Ulizeni pia itakuwaje mtoto wa pili atakapoingia chuo. Tangu mwaka wa masomo wa 2024–25 hesabu ya FAFSA haipunguzi tena mchango wa familia kwa kuwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja, lakini vyuo vingi vinavyotumia CSS Profile bado huliangalia, na jibu lao litabadilisha hesabu ya mwaka wa tatu na wa nne. Na akishinda ufadhili wa nje, ulizeni kama fedha hizo zitapunguza mkopo na kazi kwanza, au zitapunguza ruzuku ya chuo. Vyuo kadhaa hufanya hilo la pili, na familia hubaki palepale.

Nilikuahidi kiasi. Kama mapitio yataishusha gharama halisi ya chuo binafsi hadi karibu dola 22,000 kwa mwaka, na kwa maandishi chuo kikasema ruzuku itafuata ongezeko la bei, ningebadilisha msimamo wangu na kumwacha binti achague kwa moyo. Kwa tofauti ya dola 6,000 hivi kwa mwaka, manufaa ya jina kwa mtoto wa kwanza wa familia kuingia chuo kikuu yanaweza kubebeka bila mkopo wa PLUS. Ikiishia kwenye dola 30,000, ningeangalia akiba yenu na umri wenu kabla ya kusema neno. Ikibaki 42,000, jibu langu ni lilelile hata ndugu wakinuna.

Kwa haya yote barua yangu haitoshi. Wekeni miadi na ofisi za msaada wa fedha za vyuo vyote viwili, ana kwa ana au kwa simu ya video, na binti awepo, kwa kuwa baadhi ya taarifa hawatawapa ninyi bila idhini yake. Mshauri wa wanafunzi wa shule yake ya sekondari amekwisha kuziona barua nyingi za aina hii na anaweza kuwasaidia kuandika ombi la mapitio. Mwone mtaalamu wa kodi anayefahamu mali za nje kuhusu nyumba. Huyo pia atawaeleza kwamba sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula, tofauti na ada na vitabu, inaweza kutozwa kodi ya mapato. Na kama mnafikiria bado mkopo wa wazazi, kaeni kwanza na mshauri wa madeni wa shirika lisilo la faida, mkiwa na orodha ya madeni yenu yote, kabla mmoja wenu hajatia saini. Msimlipe mtu anayedai kwamba atawapatia ruzuku kwa malipo. Kujaza FAFSA ni bure.

Kuhusu Mei 1: ikiwa jibu la mapitio halijafika, mwandikieni chuo binafsi mapema mkiomba muda zaidi, na mhifadhi jibu lao. Wakikataa, thibitisheni nafasi ya chuo cha jimbo na kulipa amana yake kabla ya tarehe hiyo, kwa kuwa ufadhili wake unaweza kupewa mwingine siku inayofuata. Msilipe amana katika vyuo vyote viwili kwa lengo la kununua muda. Vyuo hulichukulia hilo kuwa udanganyifu, na vinaweza kuifuta nafasi ya binti.

Na kabla ya tarehe hiyo, mwonyesheni binti hesabu hii yote, pamoja na ile dola 585 ya kila mwezi na jina lililo juu ya mkopo. Ana umri wa kutosha kuisoma, na mara nyingi vijana huuliza maswali ambayo wazazi hawakuyafikiria. Akiwa na swali ambalo sikuligusa hapa, aniandikie mwenyewe.